Kutoka kupiga dramu hadi uprodyuza, Glasgow

Ndugu, nimekuelewa: unapigia bendi za watu hapo Glasgow, unalipwa mkononi, sasa unataka uprodyuza bila kulala njaa. Vijiti usiviache kwanza. Kila ukirekodi, hakikisha jina lako limeandikwa kati ya wapigaji, kisha jisajili PPL, shirika linalokusanya malipo ya wapigaji rekodi zao zinapochezwa. Wimbo ukichezwa redioni Uingereza, hata mpigaji wa kukodiwa ana fungu lake. (PRS ni shirika jingine, la watunzi wa nyimbo; wengi huzichanganya.)

Uprodyuza uanze kwa kuuza dramu ulizorekodi mwenyewe, kila maiki na faili lake. Majirani wa ghorofani wakilalamika, kodi chumba cha mazoezi kwa saa. Ukiletewa mkataba wa kulipwa kwa asilimia, usisaini kabla Musicians' Union, chama cha wanamuziki, hawajakusomea. Huduma hiyo ni ya wanachama, kwa hiyo jiunge mapema.