Jibu: Ni kweli, programu zilirushwa redioni

Ndugu, umeuliza kama kweli kuna wakati watu walipata programu za kompyuta kupitia redio. Ni kweli kabisa, na historia hii naipenda mno.

Kompyuta za nyumbani za wakati ule, kama ZX Spectrum iliyotoka Uingereza mwaka 1982, nyingi hazikuja na diski. Programu ilikaa kwenye kaseti zile zile za muziki, ikiwa imegeuzwa kuwa sauti: mlio mkali wa kukwaruza masikio. Sasa kama programu ni sauti, redio inashindwaje kuirusha? Belgrade, Yugoslavia, mtangazaji Zoran Modli alianza kufanya hivyo 1983 katika kipindi cha Ventilator 202. Wewe unarekodi tu, kisha unachomeka redio kaseti kwenye kompyuta na kusubiri mchezo ufunguke. Uholanzi nao walirusha zao.

Kinachonigusa zaidi ni Galaksija, kompyuta ya huko huko Yugoslavia. Mhandisi Voja Antonić aliibuni kompyuta hiyo, halafu michoro yake ikachapishwa jaridani ili msomaji ajiundie mwenyewe nyumbani! Ukarimu wa aina hiyo nautamani hadi leo.

Mlio wa Spectrum upo YouTube. Punguza sauti kwanza kama umevaa hedifoni.