Jibu: Kutembeza wageni kwa chakula katikati ya Nairobi, nilipie mwongozaji?

Dada, umeuliza kama wageni wako kutoka Mwanza wanahitaji mwongozaji wa kuwatembeza wakila. Upande wa Msikiti wa Jamia, usilipe mtu. Anzeni soko la City Market pale mtaa wa Muindi Mbingu, kabla watu wa ofisi hawajajaa. Samaki unamchagua mwenyewe, anakaangwa au anatiwa kwenye mchuzi, anakuja na ugali na sukuma wiki, mnanawa na kula kwa mkono. Ulizeni bei kabla hajaingia kwenye mafuta. Wageni wako watamlinganisha na sato wa kwao, na ubishi huo ndio utamu wenyewe.

Msikiti wenyewe uko hapo karibu, na maktaba ya McMillan ya 1931 pia. Biashara Street zamani ilikuwa Bazaar Street, mtaa wa maduka ya Wahindi. Reli ilifika Nairobi 1899 na wafanyabiashara wakaja nayo, ndiyo maana bhajia na chapati leo ni chakula chetu sote.

Mtaa wa River Road ndiko ningelipia mwenyeji, kwa sababu ya msongamano na mifuko ya wageni. Muulize mapema kama bei yake ina chakula ndani au ni miguu tu. Mchana kuna mukimo (viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga), githeri (mahindi na maharagwe) na matumbo. Mutura, utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa, ngojeni jioni, mle mkiwa mmesimama, na kachumbari pembeni. Mwenye meno mabovu apewe supu.