Viwavi kujaa msimu huu na kupotea unaofuata: dawa tusiipe sifa zote

Mkuu, umeuliza kwa nini msimu uliopita viwavi walikumaliza pale Ismani, Iringa, na safari hii hata wa kuokota huna, na kama ile dawa ya dukani ndiyo imewafuta. Nalima hukohuko Ismani, na kiangazi nahamia kwenye vinyungu vyangu Mufindi, yaani bustani za bondeni zenye unyevu. Kwa ninavyoona mimi, mchango wa dawa yako ni mdogo sana.

Ulikuwa na viwavi gani kwanza? Wengi tunawachanganya. Kuna viwavijeshi wa tangu enzi, weusi wenye mistari, wanaotembea kundi zima na kuanzia kwenye malisho kabla hawajaingia shambani. Wanakula jamii ya nyasi tu: mahindi, ulezi, mpunga, ngano. Maharage wanayapita. Hao si wenyeji wako. Nondo wao, yaani vipepeo wanaotokana na viwavi hao, husafiri usiku kwa upepo, hata mamia ya kilomita, kisha mvua za radi zinawakusanya sehemu moja na hapo wanataga. Ndiyo maana shamba moja linaliwa likabaki mabua na la ng'ambo ya korongo halijaguswa. Hupenda kulipuka mvua zikianza baada ya ukame, nyasi changa zimechipua na maadui wao bado wachache. Wakishiba wanazama ardhini, wanatoka nondo, wanaondoka. Ukiwakosa mwaka unaofuata, hujawashinda, hawakushukia kwako tu. Kule Kilosa, Morogoro, wanakijiji walishafundishwa kuwatabiri wenyewe, kwa mtego wenye harufu ya nondo jike na kipima mvua. Sijui kwa nini huku kwetu tunasubiri mpaka tuone majani yametoboka.

Yule kiwavijeshi vamizi ni habari nyingine. Asili yake Amerika, Afrika alithibitishwa 2016 na Tanzania 2017. Mwangalie usoni ana Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia vidoa vinne vimekaa mraba. Anajificha kwenye moyo wa mmea wa mhindi, pale katikati majani machanga yanapochipukia, mara nyingi mmoja mmoja, maana wanakulana wenyewe kwa wenyewe. Huyu ndiye ambaye kupanda na kushuka kwake kuna mkono wetu.

Hapa wenzangu wa Mufindi na Kilolo watanichukia, lakini vinyungu ndivyo vinavyomvusha kiangazi. Ili aendelee kuzaliana anahitaji mmea mbichi, na mahindi ndiyo anayoyapenda zaidi. Shamba la mlimani likishavunwa na kukauka, angepata shida. Sisi tunashuka bondeni kupanda mahindi ya kuchoma, huyu anapanda leo, jirani mwezi ujao, mwingine baadaye, basi nondo anahama kinyungu hadi kinyungu mpaka mvua za Novemba zimkute yuko tayari. Baridi inasaidia kidogo: kwenye joto kizazi kimoja huchukua kama mwezi, ila juu kule kwenye mashamba ya chai, Juni na Julai, anasota miezi miwili au zaidi. Mabonde ya joto hayana bahati hiyo. Mimi sasa kiangazi naweka maharage na kabichi. Hela ya mahindi mabichi naikosa, na inauma.

Halafu mvua. Ikinyesha kubwa mfululizo, viwavi wachanga wanasombwa au wanazama mle kwenye moyo wa mhindi. Ikikatika Januari, kama Ismani inavyopenda kutufanyia, wanabaki wengi. Msimu huu kwako ilikatika lini? Hujasema.

Kuhusu kupuliza kila wiki: dawa kali inaua pia sisimizi na vile vinyigu vidogo vinavyotaga ndani ya mayai na viwavi. Kiwavi mkubwa, akishajifunika na kinyesi chake mle ndani, dawa haimfikii. Wewe unabaki umemwondolea maadui. Ukilazimika, puliza jioni wakati bado wadogo, majani yana madoa meupe yaliyokwanguliwa kama vidirisha na hayajachanika. Usipoona dalili, pampu ibaki ndani.

Kabla hujanunua dawa ya msimu ujao, ulizia waliolima mabonde ya jirani walipanda nini kiangazi hiki, kisha uje utuambie na tarehe mvua ilipokatika. Hapo nitakuwa na cha kukushauri zaidi ya haya.