Kumtafuta babu wa babu: usianze na jina

Mimi nilianza vibaya, niseme ukweli. Jina letu ni Feruzi, basi nikakesha na simu natafuta Feruzi, nikapata wa Tanga, wa Unguja, wa Ujiji, nikajiona mjukuu wa kila mtu. Kumbe feruzi ni jiwe, lile la buluu wanalotia kwenye pete, na karne ya 19 huku pwani ndo majina waliyokuwa wanabandikwa watumwa: Feruzi, Almasi, Mabruki, Farjala. Ila na wewe usikurupuke, maana hata wapagazi huru toka bara wakishashuka Bagamoyo walijitwalia majina ya pwani. Tena huyo mzee hakuwa na jina la ukoo, kwetu jina la tatu ni la babu tu, likaja kuganda siku watoto walipoandikishwa shule.

Kwa hiyo anza na misiba, yani angalia nani anakuja kuwatania mkifiwa. Nyumbani tunajiita Washirazi, lakini alipofariki babu mdogo Wazaramo walishika jeneza, halitoki mpaka walipwe, nikamuuliza bibi hawa vipi, akaendelea kuchambua mchele wake. Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi, utani wa njia ya misafara ya Tabora huo. Miaka miwili sijaunganisha!

Halafu sanduku. Bibi alikuwa na karatasi ya Kijerumani kaifungia ndani ya kanga kuukuu, anasema hati ya shamba. Nikampelekea mtu anayesoma ule mwandiko wao wa zamani, kumbe hati ya uhuru ya mwaka 1906: Ferusi, Mnyamwezi, umri kama 40. Yani kazaliwa miaka ya 1860. Umeona hiyo s? Mjerumani z yetu anaiandika s, Juma anamwandika Dschuma, na mapadri Wafaransa waliofika Bagamoyo 1868 Juma wao ni Djouma, so ukienda Nyaraka za Taifa pale Dar nenda na tahajia zote mfukoni.

Jina la bwana wake nalo limo. Wajukuu zake wako mtaa wa pili, maulidi tunasoma pamoja, hilo nimeliacha hapohapo kwenye karatasi.

Nikamuuliza bibi mbona ulisema ya shamba.

"We mume wangu, ingejulikana, baba yako angeozwa na nani?"