Chongo, kengeza na hiyo "changamoto ya macho" yenu

Mama mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Mwalimu shikamoo. Mwanangu yuko darasa la tano, anaona kwa shida, ubaoni hasomi mpaka asogee karibu kabisa. Kwenye fomu ya shule mmoja kaandika ni kipofu, mwingine kakata kaandika asiyeona, mwalimu mkuu kasema tuandike mwenye changamoto ya macho, eti ndo lugha ya kistaarabu. Lipi sahihi?"

Marahaba mama. Jibu lako fupi: hata moja halipo. Andika "mwenye uoni hafifu". Baraza la Mitihani lenyewe likitaja watahiniwa wake linawataja wasioona peke yao na wenye uoni hafifu peke yao, maana wa kwanza anahitaji karatasi ya nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, na wa pili anahitaji maandishi makubwa. Mwanao ukimwandika asiyeona siku ya mtihani atawekewa nukta nundu ambazo hajawahi hata kuzigusa. Ningeishia hapa nikanywe chai yangu, ila umenitajia lile neno, na mimi nikilisikia lile neno chai hainipiti.

Changamoto! Sisi wengine tulilikuta likiwa neno la maana, jambo linalokuchochea ufanye jambo, mtu akikupa changamoto kakuamsha usingizini. Leo foleni changamoto, maji hayatoki changamoto, mhazini kala hela ya kikundi tunaambiwa "kuna changamoto ndogo ya fedha", marehemu naye alikuwa na changamoto ya moyo. Sawa, nshachoka kupigana, foleni chukueni, maji chukueni, hata mhazini mchukueni. Macho mniachie.

Ngoja niwape kisa. Nilienda ofisi moja, siitaji jina, kufuatilia karatasi zangu. Ukutani wamebandika tangazo, DIRISHA LA WENYE CHANGAMOTO YA MACHO, herufi ndogo kama sisimizi, kwahiyo nikavua miwani nikaifuta na shati, nikaivaa tena, nikasogea mpaka pua inakaribia kugusa ukuta. Mlinzi akaniona, akaja akanishika mkono kwa adabu zote, "mzee wangu, dirisha lako ndo hili." Nikakuta foleni. Mbele kabisa kijana ana fimbo nyeupe, haoni kitu. Nyuma yake dada mwenye ualbino anasoma meseji, simu kaileta usoni utadhani anainusa, ila anasoma na anacheka. Kuna bibi mwenye mtoto wa jicho anasubiri upasuaji. Kuna jamaa ana chokea, kope imevimba, yaani kitu cha wiki moja hicho. Na mimi na miwani yangu ya uzeeni. Watu watano, wote changamoto!

Sasa karani wa watu, neno limemwambia hawa wote ni kundi moja, afanyeje? Kijana wa fimbo kaambiwa "saini hapa kwenye mstari". Mstari upi? Akafika dada, karani akaanza kumsomea fomu nzima kwa sauti ya chekechea, dada anasema kaka mimi naona, nikuzie tu maandishi, karani anaitikia "usijali dada" anaendelea kusoma, na sie wote nyuma tukajua tarehe yake ya kuzaliwa na namba yake ya simu. Mwenye chokea akapewa kiti. Karani hana kosa, alikuwa mpole kweli, kosa ni la aliyebandika lile neno ukutani.

Maana wenye kazi yao wameshapanga ngazi zamani. Lile bango la herufi kwa daktari wa macho ni la Snellen, Mholanzi, la tangu 1862. Akikuandikia 6/60 maana yake wewe mita 6 ndo unaisoma herufi ambayo mwenye macho mazima angeisoma akiwa mita 60. Kwa jedwali la Shirika la Afya Duniani chini ya 6/12 ni upungufu mdogo, chini ya 6/18 wa kati, chini ya 6/60 mkubwa, na chini ya 3/60 ndo wanaita upofu. Hata huko kwenye upofu bado kuna ngazi, yupo anayeona mwanga na yupo asiyeona hata huo, kwahiyo kipofu akigeuza uso dirishani msianze kunong'ona eti anaigiza.

Wanariadha wasioona na wenye uoni hafifu nao wamepangwa makundi, T11, T12 na T13. Wa T11 lazima akimbie na mwongozaji na afunikwe macho, ili anayeona mwanga asimzidi asiyeona kabisa, wa T12 mwongozaji ni hiari, wa T13 anakimbia mwenyewe. Henry Wanyoike wa Kenya alichukua dhahabu ya mita 5000 T11 kwenye Paralimpiki ya Sydney 2000, mwongozaji wake pumzi ikamwishia kabla ya mwisho, Wanyoike ndo akawa anamvuta yeye. Hebu mtangazie huyo kama "mwanariadha mwenye changamoto ya macho" uone nani ana changamoto hapo.

Kuhusu kipofu, neno lenyewe halina tusi, linatoka kwenye pofu, ndugu zake ni pofua, pofuka na upofu, na ile ki- ni ileile ya kiziwi na kiwete (na tafadhali ni kipofu huyu, sio kipofu hiki, nimeshaliona hilo gazetini). Ila wapo wanaoona hiyo ki- inamfanya mtu kama kitu, na wenyewe chama chao wamekiita Chama cha Wasioona, basi mwenye jina kaamua. Mimi nani.

Najua mtaniletea methali, kwamba hata wahenga walilainisha, ukipenda chongo huita kengeza. Kweli kabisa. Ila angalia wahenga walivyofanya, chongo walikuwa na jina lake na kengeza jina lake, ndo maana ukiyabadilisha tunakukamata kwamba umependa. Hawakusema ukipenda utaita changamoto. Alafu cha kuchekesha, lile jedwali linapima kwa jicho lenye nafuu, kwahiyo mwenye chongo ambaye jicho la pili ni zima hayumo kwenye ngazi yoyote, na kengeza vilevile. Yule mpenzi wa kwenye methali kumbe hata daktari angemtetea.

Haya mama, kata yote matatu, andika uoni hafifu, na kama kadi ya kliniki ina vipimo vyake andika na hivyo pembeni. Mwombe mwalimu mkuu dogo akae dawati la mbele, na fomu ya mwakani waichape kwa herufi kubwa kidogo, hata mimi hiyo uliyoipiga picha ukanitumia nimeisoma nusu tu.