Pikapu gani kwa gitaa moja la kazi zote?

Ndugu, umeuliza kuhusu pikapu, kile kifaa cha sumaku chini ya nyuzi za gitaa la umeme kinachonasa sauti yake: uchukue ya aina ya singokoili au hambaka, na gitaa ni hilohilo moja la dansi Jumamosi na kanisani Jumapili. Chukua lenye mchanganyiko: hambaka karibu na daraja (pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa), singokoili mbili katikati na shingoni.

Singokoili ina koili moja tu ya waya mwembamba iliyozungushwa kwenye sumaku. Sauti yake ni kali na safi, kila uzi unasikika wenyewe, ndiyo maana solo inapenya hata tarumbeta zikiwa zimepamba moto. Tatizo ni ule mngurumo wa umeme, hasa ukisimama karibu na taa za tyubu. Seth Lover wa Gibson, kampuni ya magitaa, aliutafutia dawa mwaka 1955: hambaka, yaani koili mbili zinazopingana, mngurumo unajifuta, sauti ya nyuzi inabaki. Ila sauti inakuwa nene na mng'ao wa juu unapungua. Kwa roki yenye mikwaruzo, hiyo ndiyo raha yenyewe.

Kwa rizimu ya kwaya, weka swichi ya kuchagua pikapu mahali zinapolia pamoja ile ya shingoni na ile ya katikati. Utapenda, inalia kama kioo.

Na kabla hujalaumu pikapu, shika bisibisi. Pikapu ikikaa karibu mno na nyuzi, sumaku ya singokoili inazivuta, na noti za juu shingoni zinayumba hata kama umetyuni vizuri. Ishushe robo mzunguko, piga, sikiliza, kisha shusha tena.