Bosi anataka nisaini eti naacha kazi kwa hiari, na nina mimba ya miezi sita

SWALI: Shikamoo anti. Mimi nipo Mbeya, nakaa kaunta kwenye duka la jumla pale Mwanjelwa, huu mwaka wa tatu na mkataba ninao. Nina mimba ya miezi sita. Tangu tumbo lianze kuonekana bosi kabadilika, mara wateja hawapendi, mara magunia nani atanibebea, juzi Ijumaa kaniletea barua imeshachapwa kabisa eti naomba kuacha kazi kwa hiari yangu, anataka nisaini Jumatatu halafu nikishajifungua "tutaona". Mwaka jana kijana wa stoo alivunjika mguu, yeye aliwekwa kwenye kiti awe anaandika risiti mpaka akapona. Mama anasema nisigombane na mwenye hela. Nisaini tu yaishe? Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usisaini. Hata wakikuita ofisini watu watatu, usisaini.

Hiyo barua ndiyo anayoitegemea, maana kesho ukisema umefukuzwa yeye anatoa karatasi yenye saini yako. Nina jirani huku Sae alisaini ya hivyo huku analia, na mtu aliyelazimishwa bado anaweza kudai ila sasa kazi ya kuonyesha kwamba alilazimishwa inamwangukia yeye. Jumatatu mwambie kwa upole tu, bosi mimi siachi kazi, kama unaniachisha naomba barua yako yenye sababu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwenye kifungu cha 7 na ujauzito umetajwa humo wazi wazi, halafu kifungu cha 37 kinasema mimba siyo sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Na ukishaonyesha dalili za ubaguzi, mwajiri ndiye anatakiwa athibitishe kwamba hakubagua. Hapo ndipo huyo kijana wa stoo anapokusaidia sana, yeye mguu ulivunjika akatafutiwa kiti, wewe una mimba unatafutiwa mlango. Andika hilo, tarehe na nani alikuwepo. Habari ya magunia isikutishe, kazi ikiwa ya hatari kwa mjamzito sheria inataka apewe kazi nyingine inayofaa kama inawezekana, na kaunta si ndo unakaa kila siku?

Kingine usichelewe. Likizo ya uzazi ni siku 84, mapacha siku 100, na taarifa inatakiwa miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua pamoja na cheti cha daktari, kwa hiyo kwako ni wiki hii. Andika nakala mbili, moja wakusainie kwamba wamepokea ukae nayo. Mkataba, salary slip, kadi ya kliniki, meseji na voice za wasap zote tunza nyumbani, siyo kwenye droo ya dukani.

Wakikuachisha kweli, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ofisi ipo hapo hapo Mbeya, ujaze fomu ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa. Wanaanza na usuluhishi, mnakaa mezani na bosi, na unaweza kudai urudishwe kazini au ulipwe fidia. Wengi wanapoteza haki zao hapo kwenye siku 30, wanasubiri "tutaona" ya bosi mpaka mtoto anakaa.

Mama msalimie, mwambie hugombani na mtu. Na hiyo barua aliyokuletea kama bado unayo ipige picha leo.